Watukutu hawautii mpira ladha
SAFU YA JUMAPILI
Na Salma Mwinyihija

Kila nyota anapofanya vituko uwanjani, vijiweni huzuka utetezi uleule: mwacheni, watukutu ndio wanaoutia mpira ladha. Siukubali hata kidogo, na Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, ndiye anayenipa sababu.

Waafrika wengi tunamkumbuka kwa mkono wake katika Kombe la Dunia, Julai 2, 2010, Soccer City, Johannesburg, alipouzuia mpira wa Ghana uliokuwa ukielekea wavuni mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Uliniuma, na unaniuma hadi leo. Lakini siku ile sheria ilifanya kazi yake: kadi nyekundu na penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba, Uruguay ikapita kwa matuta.

Natal, Brazil, Juni 24, 2014, ni habari nyingine kabisa. Uruguay na Italia hazijafungana, zimebaki kama dakika kumi, na sare inawatosha Waitalia. Suárez anamng'ata beki wa Italia, Giorgio Chiellini, begani, kisha anakaa chini akishika meno kana kwamba yeye ndiye aliyeumizwa. Chiellini anaivuta jezi amwonyeshe mwamuzi alama. Mwamuzi hakuona, kadi haikutoka. Punde Diego Godín anafunga, Italia inafungasha virago. Mchezo ulinufaika nini hapo? Timu iliyostahili kubaki na watu pungufu ndiyo iliyosonga mbele! Nayo Uruguay, ikimkosa Suárez aliyekwisha kufungiwa, ilichapwa 2-0 na Colombia siku nne baadaye.

Aliyenufaika ni yeye. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kung'ata mtu. Baada ya ile ya kwanza, Novemba 2010 akiwa Ajax, haikupita miezi mitatu Liverpool ikamnunua. Baada ya hii ya Natal, FIFA ilimfungia shughuli zote za soka kwa miezi minne, na Julai hiyohiyo Barcelona ikamsajili. Mwaka 2015 akafunga bao katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Walimtaka kwa mabao, si kwa meno. Mtukutu asiyefunga huachwa benchi, na hakuna kijiwe kinachomwita ladha ya mpira. Kinda anayemtazama Suárez kwenye runinga atayatenganishaje mabao na meno?

FIFA ilimfungia kucheza, lakini mlango wa usajili ikauacha wazi. Ufungwe. Mchezaji aliyefungiwa kwa kumdhuru mwenzake asiuzwe wala asinunuliwe hadi amalize adhabu yake yote.