Mtoto aliyebadilika: jini, utovu wa adabu au maradhi?



Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunazungumzia jambo ambalo sisi wakazi wa Singida hulinong'ona tu: maradhi ya akili kwa watoto na vijana wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana mmoja katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la aina hii. Aghalabu huanza katika umri wa kubaleghe, ambao hata mtoto mzima hubadilika tabia, na hapo ndipo wazazi tunapochanganyikiwa.

Kijana anayebaleghe huwa mbishi, lakini bado hula, hulala na kucheka na wenzake. Mwenye sonona huweza kupoteza hamu ya vile alivyovipenda kwa majuma mfululizo, au akawa mkali bila sababu. Mdogo zaidi hulalamika tumbo na kichwa kila asubuhi ya shule. Wako pia wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Na mtoto anayesema anatamani kufa asikaripiwe kuwa amekufuru. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hatukanushi kuwepo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja. Tunalolikataa ni kulifanya jini kuwa jibu la kwanza na la mwisho. Mtume (S.A.W.) alituamrisha kutafuta tiba, na akatufunza kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa aliyepotewa na akili mpaka atakapopona. Basi sheria yenyewe imeyahesabu haya kuwa ni maradhi yenye kutarajiwa kupona! Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akiwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuisahau nafsi. Dua na kisomo cha Qur'ani havigombani na dawa. Kinachodhuru ni mganga anayeamuru dawa ziachwe, au kamba anayofungwa mtoto uani.

Tukiri na la kwetu. Katika madrasa yetu alikuwapo kijana wa miaka 15, hodari wa kuhifadhi. Akaanza kusahau, akawa haogi, akidai majirani wanamsema ukutani. Tulimchapa kwa uvivu. Kisha tukamsomea, tena tukamsomea. Miezi tisa ikapita hivyo, naye akizidi kukonda, mpaka muuguzi wa zahanati alipomwambia mama yake ampeleke kwa wataalamu. Mwenyezi Mungu atusamehe kwa zile fimbo.

Alipelekwa Mirembe. Hospitali hiyo ya taifa ya afya ya akili, iliyoanzishwa zama za Waingereza katika miaka ya 1920, ipo Dodoma, mkoa jirani, safari ya basi ya saa chache tu. Wengi huko nchini wako mbali nayo kuliko sisi. Kinachotuweka mbali ni jina lake, kwani tumelifanya tusi: akikosea mtu, huambiwa arudishwe Mirembe, nao watoto wetu wanatusikia. Wala si lazima safari ianzie huko. Zahanati na hospitali ya mkoa ndiyo milango ya kwanza, na mtoto anayewahiwa mapema huenda asihitaji kulazwa kabisa.

Kijana wetu sasa anakuja swala ya Ijumaa, anameza vidonge vyake, na amerejea kwenye juzuu alizozisahau. Kila inapofika tarehe ya kliniki hupanda basi na mama yake. Majirani wakiuliza, mama hujibu kuwa wanakwenda Dodoma kumsalimu shangazi.