Magwanda, Siasa na Dhamana

Mwaka 1992 Luteni Kanali Jakaya Mrisho Kikwete alitakiwa kuchagua moja kati ya mawili: jeshi au siasa. Wakati huo alikwisha kuwa Waziri. Alichagua siasa, akastaafu jeshi.

Tukiitazama safari yake, twaona kwamba uwaziri haukumjia kwa mtutu wa bunduki. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, mwaka uliofuata akapata uofisa, na baadaye akawa mkufunzi wa siasa na kamisaa katika chuo cha kijeshi cha Monduli. Mwaka 1988 Rais Mwinyi alimteua kuwa Mbunge na Naibu Waziri wa Nishati na Madini. Mwaka 1990 akawa Waziri kamili, mwaka 1994 Waziri wa Fedha, kisha akashika Mambo ya Nje miaka kumi hadi alipoingia Ikulu mwaka 2005. Kwa miaka kadhaa, basi, mtu mmoja alikuwa ofisa, kada na waziri kwa pamoja, wala hapakuwa na aliyeshangaa.

Asili ya jambo hili inatugusa sisi wa huku. Askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Januari 1964, aliyekwenda kuzungumza nao ni Waziri Oscar Kambona, mwana wa pwani hii ya Mbamba Bay. Uasi ulizimwa na wanajeshi wa Uingereza, jeshi lile likavunjwa, na Jeshi la Wananchi likaundwa Septemba mwaka huo. Hoja ilikuwa kwamba askari aliyefunzwa siasa ya chama hataasi. Hoja hiyo ilitufaa, tukiri hivyo. Lakini ililifanya jeshi kuwa kama mkoa mmojawapo wa chama, mpaka vyama vingi viliporejea na Katiba ikamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote.

Kuvua magwanda peke yake hakutoshi. Huko Burma, Jenerali Thein Sein aliyavua mwaka 2010 pamoja na mawaziri wenzake, na mwaka 2011 akawa Rais. Hata hivyo Katiba yao ya 2008 ililiachia jeshi robo ya viti vya Bunge na wizara tatu: Ulinzi, Mambo ya Ndani na Mipaka. Nguo zilibadilika, amri ikabaki kambini. Na tarehe 1 Februari 2021 jeshi likatwaa serikali yote.

Tunayasema haya tukiwa Mbinga, na si kwa kupenda habari za mbali. Mkoa wetu wa Ruvuma uliongozwa na Brigedia Jenerali Wilbert Ibuge kuanzia mwaka 2021. Mwaka 2022 akaja Kanali Laban Thomas, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nyasa. Mwaka 2024 Kanali Ahmed Abbas Ahmed. Hatumtuhumu yeyote kati yao. Pwani yetu ilimzoea pia Kapteni John Komba, Mbunge tangu 2005 hadi alipofariki mwaka 2015, ila kwake ukapteni ulibaki katika jina tu. Kura ndiyo iliyompeleka Dodoma, na kura ingeweza kumrudisha Lituhi.

Mkuu wa Mkoa hapigiwi kura. Huteuliwa, naye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Mkulima wa kahawa anayetaka kuhoji malipo yake, au mvuvi wa Liuli aliyenyang'anywa nyavu, husimama mbele ya mtu ambaye maisha yake yote amezoea neno moja likisemwa linatekelezwa. Anahoji vipi?

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Kila anapoteuliwa mwenye cheo cha jeshi kushika dhamana ya kiraia, tangazo la uteuzi liseme waziwazi kama amestaafu jeshi au bado yumo, na kama bado yumo, nani anayeweza kumwita aje kujibu. Kikwete aliulizwa swali hilo mwaka 1992, akalijibu hadharani.