Kalemie: reli kwanza, wawekezaji baadaye

Neno "wawekezaji" halikosi katika hotuba za viongozi wa jimbo la Tanganyika. Mfano unaotajwa sana duniani ni Estonia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu karibu milioni 1.3: kwa mpango ulioanza 2014, mgeni anaweza kufungua kampuni huko kwa intaneti bila kukanyaga.

Lakini karatasi si ugonjwa mkubwa wa Kalemie. Kongo ina Guichet Unique ya kuandikisha kampuni, ina ANAPI ya kuita wawekezaji, tena sheria ya 2002 inawasamehe ushuru kwa miaka 3 hadi 5 kufuatana na eneo.

Mji huu ulikuzwa na reli. Mwaka 1915, ukiitwa Albertville, njia ya kutoka Kabalo ilifika ziwani, na ng'ambo kulikuwa Kigoma na reli ya Dar es Salaam. Leo treni ya SNCC haitegemeki, na Filtisaf, kiwanda kilichofuma vitambaa, kimenyamaza.

Kuna pia Manono. Mzozo wa lithiamu kati ya AVZ ya Australia na upande wa serikali, huku Zijin ya China ikiingia, umefika mbele ya waamuzi wa kimataifa. Mfanyabiashara anayesoma hayo anashika mfuko wake, hata akisamehewa ushuru wote.

Serikali ianze na njia ya Kalemie-Kabalo. Mkulima wa Nyunzu, anayeona mahindi yake yakikosa usafiri, atakuwa mteja wa kwanza kabla mgeni yeyote hajafika.