Bukavu: Kabla ya kununua injini, ijulikane kilichoua ya kwanza

Taksi nyingi za Bukavu ni Toyota za zamani, zilizokwisha tembea kilomita nyingi sana. Injini ikikufa, mwenye gari anaulizia bei kwanza. Hapo ndipo hasara inaanzia.

Benki za mji zilifungwa Februari 2025. Tangu hapo, pesa ya injini inatoka kwa ndugu, ao kwa kitu kilichouzwa nyumbani. Na taksi hiyo moja inalisha jamaa pamoja na wakimbizi waliopokelewa humo. Pesa ikipotea, hakuna ingine.

Bukavu ni mji wa milima, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Gari lililojaa watu linapanda polepole na kuchemka. Kama rejeta imeziba, injini ya pili itachemka vilevile. Rejeta na pampu ya maji vitengenezwe kwanza.

Wengine wanatamani injini kubwa zaidi. Lakini hiyo mara nyingi inadai giaboksi yake na nyaya zake. Ya aina ileile iliyokuja na gari ndiyo salama: mafundi wanaijua, vipuri vyake vinajulikana.

Kabla ya kulipa, fundi apime mgandamizo wa kila silinda, vipimo vikaribiane. Afungue kifuniko cha mafuta: povu jeupe huonya kwamba maji yameingia. Risiti iandikwe namba ya injini na siku za dhamana.

Muuzaji anayekataa injini ipimwe amekwisha jibu.