Kansere ya mapafu: kukata kidogo, kubakisha pumzi

Ndugu wachimbaji, kwa miaka mingi munganga akikuta kansere mu pafu, hata ikiwa ndogo, alikata sehemu kubwa nzima. Pafu la kuume liko na sehemu tatu, la kushoto mbili. Ile inayotolewa haioti tena. Kanuni hii ilipata nguvu mu 1995, wakati utafiti wa Amerika ya Kaskazini ulionyesha kwamba kwa waliokatwa kidogo, kansere ilirudi zaidi palepale.

Sasa mambo yamegeuka. Mu 2022 Wajapani walitoa matokeo ya wagonjwa 1.106, wenye kivimbe kisichopita santimeta 2. Kisha miaka 5, kwa waliokatwa kipande kidogo, 94 kwa 100 walikuwa hai. Kwa waliokatwa sehemu nzima, 91. Mu 2023 utafiti wa Marekani, Canada na Australia ulikuta pande zote mbili karibu sawa. Lakini si muujiza: kule Japani kansere ilirudi mu kifua mara nyingi zaidi kwa waliokatwa kidogo. Mugonjwa anapashwa kufuatiliwa.

Habari hii inatuhusu sana. Tangu 1997 vumbi la silika linahesabiwa kati ya vitu vinavyoleta kansere ya mapafu. Gesi ya radon vilevile, na sigara inazidisha hatari. Mutu ambaye vumbi limeisha kumaliza pumzi, anaweza kukataliwa upasuaji mukubwa. Kwake yeye, kila kipande kinachobaki ni uzima.

Shida iko hapa: kivimbe cha santimeta 2 hakiumi. Radio ya kawaida inaweza kukipita bila kukiona. Skaneri njo inakionyesha. Kwetu, mutu anakuja wakati anakohoa damu na amekonda, pengine kisha kunywa dawa ya kifua kikuu bure. Hapo kisu kidogo hakina kazi tena.

Basi swali si la kisu, ni la skaneri: nani atailipa? Mwenye kazi ya kompanyi aombe matokeo ya vipimo vyake, ayachunge hata akiacha kazi. Lakini muchimbaji wa mikono hana kompanyi nyuma yake. Ukikohoa kupita juma tatu, na makohozi hayaonyeshi kifua kikuu, usirudi nyumbani na vidonge tu. Mama wa nyumba naye aulize: munganga, tunaendelea wapi?