Mbao kumi za Gauguin na hadithi ya mnazi

Picha za Paul Gauguin zilizochapwa kwa mbao zikitajwa, husimuliwa hadithi ile ile: Mfaransa alihamia Tahiti, akaketi chini ya mnazi, akachonga alichokiona. Ni tamu, lakini haisimami.

Eti alizichonga Tahiti. Hapana. Alifika huko mwaka 1891, akarudi Ufaransa 1893. Novemba mwaka huo alionyesha michoro yake Paris kwa mfanyabiashara Durand-Ruel, na watazamaji wengi wakatoka wameduwaa. Ndipo akaanza kitabu cha kuwafafanulia, Noa Noa, maneno ya Kitahiti yenye maana ya harufu nzuri, na mbao kumi za kwenda nacho akazichonga Paris kwenye baridi ya 1893 kuingia 1894. Mnazi ulikuwa kichwani mwake tu.

Eti rangi zake ni ufundi wa Kijapani. Mjapani huchonga kibao cha kila rangi. Gauguin alikuwa na kibao kimoja kwa kila picha. Alikipaka wino akachapa, akakipaka wino mwingine akachapa juu ya karatasi ile ile, bila kujali kama mistari inakutana. Rangi nyingine alizitia kwa mkono. Basi hata alizochapa mwenyewe hazifanani.

Wapo wanaosema mkono wake ulikuwa mzito. Hao hawajasogea karibu. Itazame Te Po, yaani usiku: mwanamke amelala, giza limemzunguka. Ndani ya weusi ule mna mikwaruzo myembamba kama nywele, ya ncha ya sindano, kando ya mashimo mapana ya patasi. Halafu ufundi wote huo akaufunika kwa wino. Ubao wenyewe ulikuwa wa mti mgumu, ule ule waliotumia wachonga picha za magazeti. Angetaka usafi, angeupata. Alitaka giza.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba picha hizi ni ushahidi wa maisha ya Tahiti ya kale. Kisiwa kilikuwa koloni la Ufaransa tangu 1880, na wamisionari walikuwapo tangu 1797. Miungu ya kale Gauguin aliisoma katika kitabu cha mwandishi Moerenhout cha mwaka 1837, kisha katika Noa Noa akaandika kana kwamba alisimuliwa kitandani na Tehamana, "mke" wake wa Kitahiti. Binti huyo alikuwa na umri wa miaka kama 13. Picha ni nzuri, shahidi hafai.

La mwisho ni la wanunuzi: eti chapa ya Noa Noa ni chapa tu. Mwaka 1894 rafiki yake Louis Roy alichapa nakala 25 hadi 30 za kila kibao, kwa rangi kali zilizomeza mikwaruzo. Mwaka 1921 mwana wa Gauguin, Pola, akachapa nakala 100 za kila kibao mjini Copenhagen, kwa wino mweusi, na kila mkwaruzo ukaonekana. Kwa kusoma kisu, nampa Pola. Kwa usiku wa Gauguin, hakuna zaidi ya alizochapa mwenyewe. Ukizikuta kwenye jumba la makumbusho, soma kibandiko kwanza: nani alichapa?