Mjomba, Mwanaume Naye Ana Titi

Leo nina ugomvi nanyi.

Ile tamthilia ya Kikorea niliyowasimulia, Jealousy Incarnate ya SBS (2016), mmeifanya kichekesho. Mtangazaji wa hali ya hewa, Pyo Na-ri, anamshika kifuani mwanahabari Lee Hwa-shin na kuhisi uvimbe. Kumbe saratani ya matiti! Anatibiwa kwa siri, wenzake kituoni wasijue. Basi Mjomba kaniandikia: "Wakorea wamezidi. Mwanaume gani huyo?"

Mjomba, shikamoo, lakini hapo sikubali. Mwanaume ana titi, dogo, ila ni titi. Hapa Marekani, kati ya wagonjwa 100 wa saratani hiyo, mmoja hivi ni mwanaume. Na mara nyingi wanaume hufika hospitali wamechelewa. Wengine hawajui, wengine wanaogopa kicheko kama chenu.

Mimi ni nesi, sicheki. Mapenzi yao ya watatu yasemeni mtakavyo. Ila ukiona uvimbe, chuchu imeingia ndani au inatoa damu, nenda kapimwe. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Mjomba, wewe wa kwanza kujikagua. Nasubiri jibu.